Kupanda Saiprasi ya Pambo Nyumbani, Kuanzia Nakuru Hadi Kisumu

Mvua ya masika inapokolea, vitalu vya kando ya barabara hapa Nakuru hujaa wateja. Watu wanaojenga Kiamunyi, Lanet na Bahati huondoka na miche ya saiprasi ya dhahabu, mmoja kwa kila upande wa geti, na kwa miezi kadhaa inapendeza kweli. Kisha Januari inaingia, upepo mkavu unavuma, na baadhi ya miche inageuka rangi ya kutu. Mwenye nyumba anaongeza maji, anaongeza mbolea, wala haisaidii.

Sababu iko kwenye maumbile ya miti hii. Waridi likikosa maji mchana majani hulegea, na jioni unaliokoa kwa ndoo moja. Saiprasi hailegei. Majani yake ni magamba madogo yaliyobanana, yenye nta, na huweza kubaki kijani kwa wiki kadhaa baada ya mizizi kufa. Siku unayoona kahawia, jambo lenyewe lilishatokea zamani. Tena tawi lililokauka halichipui upya kama ua la kayaba lililokatwa. Ndiyo maana kazi kubwa ya mti huu hufanywa mapema, kitaluni na siku ya kuchimba shimo, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Hatua ya 1: Chagua mti kwa kimo utakachofikia

Ploti nyingi za mjini ni futi 50 kwa 100. Ukishatoa nyumba, tangi la maji, shimo la maji taka na mahali pa gari, kinachobaki ni kidogo. Basi kabla ya kulipa, jiulize mti utakuwa na kimo gani wakati mtoto aliye chekechea leo atakapomaliza sekondari.

Saiprasi ya kawaida, ile ya mbao, asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na ikiachwa hufika mita 30. Inafaa shamba la Njoro au Molo, au ua unaokatwa kila mwaka bila kukosa. Usiipande mbele ya dirisha la sebule.

Saiprasi ya dhahabu ndiyo wengi wanaitaka. Sugua kijitawi chake kati ya vidole: kama ni yenyewe, utasikia harufu ya ndimu. Ni aina ya Cupressus macrocarpa, mti wa pwani ya Monterey huko California, penye ubaridi na ukungu. Kwa hiyo Nakuru, iliyo mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, pamoja na Njoro, Kericho na Eldoret, inauridhisha. Kisumu iko mita 1,130 hivi, na joto la kando ya ziwa huuchosha. Mimi nisingeupanda huko. Usidanganyike pia na udogo wake ukiwa kwenye mfuko wa kitalu. Ukikubali mahali hupita mita 5, na chini hutanuka mita 2 au zaidi. Jambo jingine la kujua ni kwamba Kenya iliwahi kupanda macrocarpa kwa ajili ya mbao, ikaiacha kwa sababu ya ugonjwa wa kuvu unaotia vidonda kwenye gome. Saiprasi ya dhahabu ni ya ukoo huohuo, na inaweza kuugua vivyo hivyo.

Kwa Kisumu na maeneo ya joto, ploti ikiwa ndogo, chukua tuja, mti wa jamii ya saiprasi. Zile fupi hubaki mita 1 hadi 2, zina umbo la yai, na zinavumilia jua kali na udongo usio na asidi. Ukiwa na boma pana, tuseme kule Maseno au Vihiga, araukaria ya kisiwa cha Norfolk katika Bahari ya Pasifiki inapendeza kuliko zote, na matawi yake yaliyopangwa ghorofa kwa ghorofa. Inapenda joto. Lakini hupita mita 20, na huo si mti wa kuwekwa hatua tatu kutoka ukutani. Unapoinunua, hakikisha imetokana na mbegu au na ncha ya juu ya mti. Iliyokuzwa kutoka tawi la pembeni hukua ikilala upande maisha yake yote, haitasimama hata uifunge kwa mti gani.

Na tuna yetu. Mtarakwa ni wa misitu ya nyanda za juu, Mau ikiwemo, na wazee wanaujua kwa nguzo ambazo mchwa huziogopa. Podo iko Mlima Elgon na Mau. Zote mbili hukua polepole, na hilo huwakatisha watu tamaa. Mimi nadhani kwa nyumba ya mjini upole huo ni faida kubwa, na podo ina sifa ambayo saiprasi haina: ukiikata inachipua tena. Kwa ua wa heshima Nakuru au Eldoret, ningeweka podo kabla ya kitu kingine chochote. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina vituo Londiani na Maseno. Ukiwa karibu, anza kuulizia miche hapo kabla ya kwenda kwingine.

Hatua ya 2: Tafuta mahali, na uupime udongo kwa ndoo

Jua kwanza. Saiprasi ya dhahabu isipopata jua la saa sita kwa siku hupoteza rangi yake, inakuwa kijani hafifu na kukauka upande unaotazama ukuta. Tazama juu pia. Chini ya nyaya za umeme si mahali pake. Acha angalau mita 3 kutoka ukutani kwa saiprasi ya dhahabu, mita 8 au zaidi kwa araukaria, na uweke mbali kabisa na shimo la maji taka.

Halafu udongo. Sehemu nyingi za Nakuru zina udongo wa majivu ya volkeno, mwepesi, unaopitisha maji haraka. Shida ya huko ni ukavu. Udongo mwekundu wa Kakamega na Vihiga hauna tatizo. Nyanda za Kano na Ahero ni habari nyingine: udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka kiangazi na kunata masika, na mizizi ya saiprasi ikikaa ndani ya maji huoza.

Kipimo ni rahisi. Chimba kishimo cha futi moja na nusu, mwaga ndoo ya lita 20 jioni, ikishanywewa mwaga nyingine, kisha ulale. Ukikuta maji yametuama asubuhi, usichimbe shimo hapo. Inua tuta la udongo mzuri, upana mita moja na nusu, kimo sentimita 30 hadi 40, na upande juu yake. Ni kazi ya mchana mmoja, na inaokoa mti.

Hatua ya 3: Kitaluni, angalia chini kabla ya juu

Macho ya mnunuzi hukimbilia kilele. Wewe anza na mfuko. Ukikuta mzizi mnene umetoboa chini ukaingia ardhini, acha mche huo, kwa sababu muuzaji atakapounyanyua ataukata mzizi ulio hai kuliko yote.

Kisha omba ruhusa. "Mama, naomba nifungue huu mfuko kidogo niangalie mizizi." Mwenye kitalu anayejiamini atakuambia, "Angalia tu, mwanangu, ila uurudishe polepole." Akikataa kabisa, nenda kwa jirani yake. Unachotaka kuona ni mizizi myembamba yenye ncha nyeupe au kahawia hafifu, iliyoshika udongo bila kuubana. Usichotaka ni mzizi mnene uliozunguka shina au uliojikunja duara chini ya mfuko. Mzizi wa namna hiyo hauachi kuzunguka baada ya kupandwa. Unanenepa, shina linanenepa, na miaka kadhaa baadaye unalinyonga. Mti unakauka ukiwa mkubwa, wakati ambapo umeshaupenda.

Kwa sababu hiyo, mche wa sentimita 45 hadi 60 kwenye mfuko wa kutosha ni bora kuliko wa mita moja na nusu uliobanwa kwenye mfuko mdogo. Ule mrefu unaonekana una thamani zaidi, lakini mdogo unashika ardhi upesi na mara nyingi unaupita ule mrefu baada ya misimu michache.

Juu, angalia kama shina linalopanda ni moja. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha. Chini yake pawe kijani na unyevu. Majani machache ya kahawia ndani, karibu na shina, ni ya kawaida, maana mti huangusha ya zamani. Ncha za nje zikiwa kahawia, usiuchukue. Pitisha mkono kwenye vijitawi pia. Vikinata kama vimepakwa asali, kuna vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu.

Njiani, upepo wa bodaboda unaweza kuukausha mche kabla hujafika Njoro. Ufunge kwa gunia lililoloweshwa na uusafirishe ukiwa umesimama. Kama ulikuwa chini ya neti ya kivuli, ukifika nyumbani uzoeshe jua kwa wiki moja, kwanza la asubuhi peke yake.

Hatua ya 4: Shimo na siku ya kupanda

Subiri mvua ikolee kweli. Ile ya kwanza ya Machi huwa inadanganya Nakuru. Katikati ya Aprili ni salama zaidi. Kakamega na Bungoma unaweza kuanza mapema kidogo. Panda baada ya saa kumi alasiri, mche upate usiku mzima wa kupumua, na uwe umeumwagilia mfukoni jana yake.

Desturi ya kuchimba futi mbili kwa mbili kwa mbili tumeitoa kwenye maembe na parachichi. Kwa saiprasi, chimba upana mara mbili au tatu ya mfuko, lakini kina kisizidi kimo cha donge la udongo lililo mfukoni. Ukichimba kina zaidi na kujaza udongo uliolegea, mti utazama mvua zikipiga, na shina litajikuta chini ya ardhi. Gome la shina si gome la mzizi. Likifunikwa na udongo wenye unyevu huoza taratibu, na hutaona lolote kwa miezi mingi.

Mbolea iwe kidogo. Karai moja la samadi iliyooza kabisa, au mboji, kwa makarai manne ya udongo wa palepale inatosha. Samadi mbichi ya kuku inaunguza mizizi. Sioni haja ya mbolea ya dukani ya DAP kwenye shimo hili. Kwenye udongo wa mfinyanzi usichanganye chochote ndani ya shimo, kwa sababu shimo lenye udongo laini katikati ya mfinyanzi hukusanya maji kama beseni. Weka mboji juu ya ardhi na mvua itaishusha. (Ukiwa umechagua msonobari wenyewe badala ya saiprasi, tia viganja viwili vya udongo kutoka chini ya msonobari mkubwa wenye afya. Msonobari unaishi kwa kushirikiana na kuvu fulani wa mizizini, na pasipo kuvu hao mche hudumaa.)

Sasa fanya hivi, bila haraka. Chana mfuko kwa wembe kutoka juu hadi chini. Usiuvute mche kwa shina. Papasa udongo wa juu ya donge kwa vidole hadi uuone mzizi wa kwanza unaotoka kwenye shina, kwa kuwa vitaluni shina huwa limezikwa sentimita kadhaa tayari. Mzizi huo ndio alama yako. Ikiwa kuna mizizi iliyoanza kuzunguka ukingoni, pitisha wembe wima sehemu tatu au nne, kina cha nusu sentimita, kisha ichambue kwa vidole itazame nje. Araukaria ina mizizi dhaifu. Kwa hiyo iguse kidogo tu.

Shusha mche shimoni ukiushika kwa donge. Laza mpini wa jembe juu ya shimo, kutoka ukingo hadi ukingo. Ule mzizi wa kwanza uwe sawa na mpini au juu yake kwa unene wa kidole. Ukiwa chini ya mpini, toa mche, rudisha udongo, ushindilie kwa mguu, upime tena. Rudia hadi ukae sawa, maana marekebisho ya baadaye hayapo.

Rudi nyuma uutazame ukiwa mbali, pande mbili, kama umesimama wima. Jaza udongo hadi nusu, mwaga maji, yaache yauvute udongo mahali pake, kisha malizia. Usikanyage kwa kisigino; bonyeza kwa viganja. Jenga kingo ya udongo kuzunguka, upana sawa na wa shimo, halafu mwaga lita 20 polepole.

Mhimili wa kuushikilia mti unahitajika pale penye upepo mkali peke yake, kama miinuko ya kuelekea Menengai. Weka miwili, ufunge kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kwa kulegeza. Iondoe baada ya mwaka.

Hatua ya 5: Maji mwaka wa kwanza

Hapa ndipo wengi wanapoupoteza mti, kwa sababu wanangoja mti uombe, nao hauombi. Tumia kidole cha shahada. Kiingize udongoni hadi kifundo cha pili, karibu na donge la mizizi. Pakiwa pakavu, mwagilia. Pakiwa na unyevu, acha. Siku zisizo na mvua mwaka wa kwanza, lita 10 hadi 15 mara mbili kwa wiki hutosha kwa udongo wa Nakuru. Mfinyanzi wa Kano unahitaji mara chache zaidi. Januari na Februari usisafiri bila kumwachia mtu maagizo. Mwaka wa pili, lita 20 kwa wiki katika kiangazi; kuanzia wa tatu, nyanda za juu, mti hujitegemea.

Kumwaga maji kidogo kila jioni kwa mpira wa bomba kunafuga mizizi ya juujuu, na hiyo ndiyo ya kwanza kufa kiangazi. Maji ya kisima kirefu katika Bonde la Ufa mara nyingi yana magadi. Kama una tangi la mvua, litumie kwa mti huu. Maji ya kufulia usiyamwage hapo. Mbwa naye azuiwe, kwa kuwa mkojo wake huunguza matawi ya chini, na doa lile halirudi.

Funika ardhi kwa matandazo ya sentimita 5 hadi 7: nyasi kavu, mabua ya ngano, maganda ya mpunga kwa walio karibu na Ahero, makapi ya miwa kwa walio Kibos na Muhoroni. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Magharibi mwa Kenya nafasi hiyo ni ya lazima, kwa sababu mchwa hujificha chini ya matandazo na kuguguna gome la mche wenye kiu.

Hatua ya 6: Vidukari na vidonda

Aliyeishi nyanda za juu miaka ya tisini anakumbuka nyua za saiprasi zilivyokauka. Kidukari cha saiprasi, mdudu mgeni aliyeonekana Malawi mwaka 1986, alifika Kenya mwaka 1990 na kuua miti mingi mno mashambani. Baadaye watafiti walileta nyigu mdogo anayetaga ndani yake, na makali yakapungua, lakini kidukari yupo hadi leo.

Kagua mti kila wiki mbili wakati wa kiangazi. Fungua matawi kwa mikono, utazame ndani, kwenye vijitawi vya kahawia. Vidukari hukaa kwa makundi, rangi ya udongo, na hawaonekani ukisimama mbali. Dalili nyingine ni unato, masizi meusi juu ya majani, na sisimizi wakipanda na kushuka shinani. Ukiwaona mapema, wapige kwa maji ya mpira yenye nguvu, kisha nyunyiza maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita, asubuhi kabla jua halijawaka. Rudia baada ya siku nne au tano. Sumu kali huua pia nyigu anayekusaidia, kwa hiyo iwe ya mwisho kabisa.

Tawi moja likikauka peke yake, na gome lake lina ufa unaotoa utomvu, huo ni ugonjwa wa vidonda. Likate sentimita 15 chini ya kidonda, siku kavu, ufute makasi kwa spiriti kabla ya kugusa tawi jingine, na uchome ulichokata.

Hatua ya 7: Kupunguza bila kuua

Kata sehemu ya kijani tu. Ukiingia kwenye sehemu ya tawi ya kahawia isiyo na majani, pengo hilo litabaki wazi miaka yote. Kwa hiyo saiprasi na tuja hupunguzwa kidogo kila mwaka, mwanzoni mwa mvua, wala hazingojwi zikue sana ndipo ziparuliwe. Ua uachwe mpana chini na mwembamba juu, ili jua lifike hadi matawi ya chini.

Araukaria usiikate kilele hata mara moja. Umbo lake haliponi. Hili liwaeleze na walio nyumbani, hasa Desemba, maana watu huja kuomba kipande cha kupamba Krismasi na jicho lao huwa juu. Wape matawi ya chini ya saiprasi ya ua, ukiyakata wewe mwenyewe, pale ambapo bado kuna kijani nyuma ya wembe.